Mkunjo na Mkasi: Hukumu juu ya Kazi Mbili za Karatasi

Wako watu, tena si wachache, washikao kwamba ufundi wa kukunja karatasi na ufundi wa kuikata ni kazi mbili zisizopasa kuchanganywa. Wale wa mkunjo husema: Twaa karatasi moja ya mraba, usiikate wala usiipake gundi, na umbo lo lote ulitakalo ulitoe humo kwa vidole vyako tu, ukitia mkasi umekwisha kudanganya. Wale wa mkasi nao huwatazama wakunjaji kama watu waliojifunga kamba mikono kwa hiari yao wenyewe. Waalimu wengi watakao kuwafundisha watoto mojawapo ya kazi hizi huzikuta sheria hizo vitabuni, wakazipokea kama kwamba zilishuka kutoka mlimani. Basi twataka kuipima amri hii ya kutokukata, tuone imetoka wapi, inampa mwanafunzi nini, na inamnyima nini. Jambo laonekana jepesi kama karatasi yenyewe, lakini ndani yake limo swali ambalo mwalimu hana budi kulijibu: mtoto afuataye mifano ya kitabu hatua kwa hatua hata akatoa ndege, je, amejifunza sanaa, au amejifunza kutii tu?

Tuanze Japani, maana huko ndiko kazi ya kukunja ilikokomaa, na jina lake la origami ni la huko: oru maana yake ni kukunja, na kami ni karatasi. Karatasi ilizaliwa Uchina, ikavuka bahari ikafika Japani yapata karne ya 7. Kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha thamani, na mikunjo yake ilikuwa ya ibada na ya heshima, kama kufungia zawadi. Kitabu cha kale kijulikanacho sana juu ya kukunja kwa ajili ya furaha kilipigwa chapa mjini Kyoto mwaka wa 1797. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema Siri ya Kukunja Korongo Elfu, na mifano yake 49 ilibuniwa na kasisi wa Kibuddha wa hekalu moja katika mji wa Kuwana.

Msomaji akikifungua kitabu hicho akitazamia kuikuta ile amri, atastaajabu. Kazi huanza kwa kukata! Karatasi moja hukatwa iwe miraba midogo midogo, ila mkato hauachwi ufike mwisho. Pembeni husazwa kipande chembamba sana kiunganishacho mraba mmoja na mwenziwe. Kisha kila mraba hukunjwa kuwa korongo, na kazi ikiisha ndege wote wameshikana, huyu kwa ncha ya bawa na yule kwa ncha ya mdomo, mkubwa na wadogo wake, nao wote wametoka katika karatasi ile ile moja. Mkono ukivuta kwa haraka mara moja tu, kiungo kimeraruka na saa nzima ya kazi imekwenda bure. Sisi hatujui mfano mwingine wo wote wa karatasi unaodai mkono mtulivu kama huo, na ulitungwa na mtu ambaye mkato haukumwonea haya hata kidogo.

Kabla ya hapo tena, mwaka wa 1721, kitabu kingine cha Kijapani cha mafumbo kiliwataka wasomaji waikunje karatasi namna ambayo mkato mmoja tu ulionyooka ungetoa alama fulani ya ukoo. Fumbo hilo lilikuja kupata jibu lake kubwa baadaye sana. Mwaka wa 1998 wanahesabu watatu, Erik Demaine, Martin Demaine na Anna Lubiw, walionyesha ya kuwa umbo lo lote lenye kingo zilizonyooka, liwe nyota au samaki au herufi ya alfabeti, laweza kutolewa kwa kuikunja karatasi ikalala bapa na kuikata mara moja tu. Hivyo mkunjo na mkasi ni ndugu wa nyumba moja tangu zamani, na amri ya kuwatenga ni changa. Ilipata nguvu katika karne ya 20, wakati wakunjaji wa Japani, Ulaya na Marekani walipoanza kuandikiana na kushindana.

Lakini hatusemi kwamba amri ikiwa changa basi ni mbaya. Mtu aliyetunga shairi ajua faida ya kufungwa. Ameambiwa kila kipande kiwe na mizani nane, na mwisho kiwe na kina. Neno la kwanza lililomjia haliingii, la pili halilingani, hata akatafuta mbali akaokota neno ambalo asingalilifikiri kamwe kama angeachwa aseme apendavyo. Vivyo hivyo kwa mkunjaji. Mraba una pembe nne. Korongo wa Kijapani huitumia kila moja: moja ni kichwa, moja ni mkia, na mbili ni mabawa; kitovu cha karatasi ndicho kinachoinuka kuwa mgongo. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua, na ndiyo sababu umbo hilo limeishi miaka mingi bila mtu kulichoka. Kama aliyelibuni angeruhusiwa kukata apendavyo, labda angelitia miguu miwili, nalo lingekuwa ndege wa kawaida tu.

Sasa mtu ataka mdudu. Mdudu ana miguu sita na pembe mbili za kupapasia, na mraba bado una pembe nne. Afanyeje? Wa kale walikata. Katika hati moja ya Kijapani ya miaka ya 1840 iitwayo Kan no mado yumo kereng'ende aliyepatikana kwa msaada wa mkasi. Wa siku hizi wamekataa kukata, wakalazimika kuvumbua hesabu. Kila mguu, husema wao, hula duara la karatasi. Mguu utokao katikati ya karatasi hula duara zima. Utokao ukingoni hula nusu ya duara. Utokao pembeni hula robo tu. Basi kumkunja buibui ni kazi ya kuyapanga maduara ndani ya mraba yasipandane, kama mama apangavyo vikombe katika sinia. Mmarekani Robert Lang, mwanafizikia aliyeiacha kazi yake ya maabara mwaka wa 2001 ili akunje karatasi siku zote, alitunga hata programu ya kompyuta ya kuyapanga maduara hayo. Kutokana na njia hii wamepatikana nge, mende na kaa wenye kila kiungo, wote wa karatasi moja isiyokatwa.

Twawastaajabia wadudu hao, ila hatuwapendi wote. Mara nyingi mtazamaji huhesabu miguu, akakuta imetimia, akasifu, akaenda zake. Kilichosifiwa ni ugumu wa kazi, na ugumu ukisha kujulikana hauna tena la kumwambia mtu. Tena mdudu mwenye mikunjo mamia ana tabaka nyingi sana za karatasi katika kiwiliwili chake, hata hunenepa mahali ambapo mdudu wa kweli ni mwembamba. Mshairi naye aweza kutimiza mizani na vina vyote na shairi lake likawa gome tupu. Twayasoma mengi ya namna hiyo kila mwezi.

Hapo ndipo atufaapo Akira Yoshizawa. Alizaliwa mwaka wa 1911 katika mkoa wa Tochigi, mtoto wa mfugaji, na angali kijana mdogo akaenda Tokyo kufanya kazi katika kiwanda cha chuma. Humo kiwandani alipewa kazi ya kuwafundisha wafanya kazi wapya hesabu za maumbo, naye akawafundisha kwa kukunja karatasi. Mwaka wa 1937 aliacha kiwanda ili ashike karatasi peke yake. Alipata taabu nyingi, akawa akiuza kitoweo nyumba kwa nyumba ili apate kula. Mpaka mwaka wa 1952 gazeti moja la picha lilipotoa sanamu zake za wale wanyama 12 ambao Wajapani huhesabia miaka yao, ndipo watu walipomjua. Kitabu chake cha kwanza kikubwa kilitoka mwaka wa 1954, na mwaka wa 1955 kazi zake zikaonyeshwa katika jumba la sanaa la Stedelijk mjini Amsterdam. Alifariki mwaka wa 2005, siku ile ile aliyotimiza miaka 94. Hakuziuza sanamu zake; alizihesabu kama watoto wake.

Mtu huyu ametuachia mambo mawili, na kwa maoni yetu yanavutana. La kwanza ni lugha. Kabla yake kila mwandishi alichora alivyojua, na msomaji alibahatisha. Yoshizawa aliweka alama: mstari wa vipande vipande ni kunjo la bonde, yaani karatasi huja kwako, mstari wa vipande na nukta ni kunjo la mlima, yaani karatasi huenda nyuma, mshale huonyesha njia ya mkono. Samuel Randlett wa Marekani na Robert Harbin, mfanya mazingaombwe aliyezaliwa Afrika ya Kusini, waliziongeza kidogo na kuzieneza, na leo mtoto wa Tanga aweza kukifungua kitabu cha Kijapani asichoweza kusoma hata neno lake moja, akatoa chura anayeruka. Ni ajabu kubwa. Muziki una nota, hesabu ina tarakimu, na kazi ya vidole vya watoto imepewa maandishi yanayosomwa duniani kote.

Lakini maandishi hayo yamezaa pia uvivu wa aina mpya. Mwanafunzi hukaza macho katika picha ya 14, akaitazama karatasi yake, akaona zalingana, akaenda picha ya 15. Mkono wafanya kazi na nia imelala. Mwambie afunge kitabu akunje tena, hawezi. Mwulize kwa nini kunjo la tatu lilifanywa kabla ya la nne, hana jibu. Tumewaona watoto waliokunja mifano thelathini wasiojua kubuni hata mmoja, na walimu wao wakawasifu kwa wingi wa mifano. Hapo twasema wazi: huyo hajajifunza sanaa. Amekuwa karani wa karatasi.

Jambo la pili aliloliacha Yoshizawa haliandikiki, nalo ndilo dawa ya la kwanza. Alitwaa karatasi nene, akailowanisha kidogo, akaikunja ingali na unyevu. Ilipokauka ilishika umbo lake kama ganda. Kwa njia hiyo mgongo wa mnyama waweza kupinda polepole badala ya kuvunjika kwa mstari, na shavu la uso laweza kujaa. Hakuna mshale uwezao kusema karatasi ilowe kiasi gani, wala dole gumba likandamize kwa nguvu gani. Gorila wake ana mikunjo michache mno ukimlinganisha na wale wadudu wa hesabu, lakini ana uzito. Mabega yake yamelemea mbele kama ya mnyama aliyechoka kutazamwa. Yeye mwenyewe alikadiriwa kuwa amebuni maelfu kwa maelfu ya maumbo, na kati ya hayo ni mamia machache tu aliyoyachora kwa alama zake. Wakunjaji wengi hulisikitikia jambo hilo kama hasara. Sisi twaona alijua mpaka wa maandishi aliyoyatunga.

Neno moja kwa waalimu wa hesabu, kisha tutauendea mkasi. Friedrich Froebel wa Ujerumani, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka wa 1837, aliweka kukunja na kukata karatasi pamoja miongoni mwa kazi za watoto, na alikusudia waone kwa mikono sheria za maumbo. (Mwaka wa 1876 njia yake ilifika Tokyo, na hivyo Ulaya ikaenda kuwafundisha Wajapani kukunja karatasi!) Mhindi T. Sundara Row alitoa kitabu kizima mjini Madras mwaka wa 1893 juu ya kufundisha hesabu za maumbo kwa mikunjo. Naye Margherita Piazzolla Beloch wa Italia alionyesha mwaka wa 1936 ya kuwa kunjo moja lililotungwa vema laweza kutatua fumbo la kuufanya mchemraba uwe na ujazo mara mbili, jambo ambalo haliwezekani kwa rula na bikari.

Mwalimu asiogope majina hayo makubwa. Na ajaribu hili na darasa lake. Ikunje karatasi ya mraba nusu kwa nusu, ukingo wa kushoto ulalie wa kulia, kisha uifunue; sasa una mstari wa katikati uliosimama. Ishike pembe ya chini ya kulia isisogee. Iinue pembe ya chini ya kushoto hata ncha yake iguse ule mstari wa katikati, na kunjo jipya lipite katika pembe uliyoishika. Tia alama mahali ncha ilipogusa, funua, kisha unganisha alama hiyo na pembe mbili za chini. Hiyo ni pembetatu ya pande tatu zilizo sawa. Waulize watoto kwa nini, wala usiwajibu upesi. Yuko mmoja atakayeona ya kuwa upande wa kulia ni ule ukingo wa chini uliohamishwa, kwa hiyo haukupata kurefuka. Na mwingine ataona ya kuwa nukta yo yote ya mstari wa katikati i mbali sawasawa na pembe zote mbili. Aliyekwisha kuona hivyo ameifahamu karatasi, na kitabu cha mifano hakitamfanya karani tena.

Sasa mkasi. Kosa la mkunjo ni utii; kosa la mkasi ni urahisi. Ikunje karatasi mara tatu, ikate ovyo ovyo, ifunue: ua! Mtoto hupiga kelele kwa furaha, na mwalimu hulitundika ukutani. Lakini uzuri huo haukutoka kwa mtoto, ulitoka kwa mikunjo mitatu, ambayo huzidisha kila kosa mara nane hata kosa lenyewe likaonekana pambo. Darasa moja laweza kutoa maua arobaini ya namna hiyo kwa nusu saa, nasi tukishindwa kujua lipi ni la nani. Kuta zetu za sikukuu ya Krismasi zimejaa kazi hizo, na hatuwanyimi watoto furaha yao. Twakataa tu kuiita furaha hiyo mafundisho.

Wachina, ambao makaratasi yao ya kale kabisa yaliyokatwa yalipatikana katika makaburi ya Turpan na ni ya karne ya 6 hivi, walianza na miviringo ya namna hiyo ya mikunjo, lakini hawakuishia hapo. Wanawake wa vijijini walikata kwa karatasi nyekundu ndege, samaki na watoto wanono wa kubandika madirishani wakati wa mwaka mpya, na mama alimrithisha binti vigezo vyake.

Mtu tumpendaye kupita wote katika kazi hii ni Mswisi, Johann Jakob Hauswirth, aliyezaliwa mwaka wa 1809 akafa mwaka wa 1871. Alikuwa kibarua na mchoma makaa katika milima ya Pays-d'Enhaut, akihama kutoka shamba hata shamba, na kwa chakula na malazi aliyopewa aliacha karatasi alizozikata. Mikono yake ilikuwa mikubwa hata vidole havikuingia katika mkasi mdogo, ikambidi aufungie vitanzi vya waya. Kwa mkasi huo alikata ng'ombe wapandao malisho ya juu, wachungaji, miti, mioyo na malango.

Zitazame kazi zake kwa makini na utaona fundi akishindana na kunjo lake. Karatasi iliyokunjwa kati humpa kila kiumbe pacha. Mti wapendeza kuwa na pande mbili zilizo sawa, na lango vilevile. Lakini kundi la ng'ombe haliwezi, maana ng'ombe wa kulia watamwelekea yule wa kushoto na msafara wote utagongana katikati. Basi Hauswirth zipo karatasi alizozikata zikiwa zimekunjwa, na zipo nyingine alizozitunga kwa vipande vya rangi vilivyobandikwa safu kwa safu, ambapo kundi laweza kwenda njia yake. Alijua lini kunjo lasaidia na lini lasema uongo. Mwaka ule ule aliokufa akazaliwa Louis Saugy, aliyekuja kuwa mchukuzi wa barua katika milima hiyo hiyo, naye akaishika kazi hiyo hata alipofariki mwaka wa 1953. Hapana hata mmoja wa hao wawili aliyeingia shule ya sanaa.

Tena kufuata mstari uliochorwa na mwingine si lazima kuwe utumwa, na ushuhuda wetu ni mtu aliyeujua utumwa wenyewe. Moses Williams alizaliwa mtumwa, akakulia katika nyumba ya Charles Willson Peale huko Philadelphia, akapata uhuru mwaka wa 1802. Katika jumba la makumbusho la Peale palikuwa na mashine iliyopita juu ya uso wa mtu upande mmoja na kuuchora mdogo juu ya karatasi iliyokunjwa. Williams alikata kwa kufuata mstari huo, akatoa sura nne kwa mara moja, na kilichotumika kilikuwa tundu: kichwa kilichokatwa kilitupwa, na karatasi yenye tundu ikawekwa juu ya kitu cheusi. Mwaka wa 1803 zilikatwa hapo sura zaidi ya 8,000, na kwa fedha aliyoipata alinunua nyumba. Mashine ilimpa mstari, ndiyo. Lakini kope, nywele zilizopeperuka na ukunjo wa shingo ya nguo haikuvijua, navyo ndivyo vitofautishavyo uso wa mtu na uso wa sarafu. Alama iliyopigwa chini ya sura hizo ilikuwa neno la makumbusho, wala si jina lake. Wataalamu wa siku zetu ndio wanaomrudishia kazi zake, na twaona wanafanya haki.

Fundi wa milango ya Lamu na Unguja angelielewa tundu lile mara moja. Naye hutoa mbao asizoweza kuzirudisha, na ua lake ni kile kilichosazwa patasi ilipokwisha kupita. Mkunjaji aweza kufunua na kuanza tena. Alama ya kunjo itabaki, lakini karatasi ni nzima. Mkataji hana njia ya kurudi. Ndiyo maana twapenda mwanafunzi ashike kazi zote mbili katika muhula mmoja. Aliyezoea kukunja tu hungoja kuambiwa. Mpe mkasi, naye atalazimika kuamua. Aliyezoea kukata tu hutegemea bahati; mpe korongo, naye atagundua kwamba kunjo la pili likipotoka kwa upana wa uzi, mdomo wa ndege utapotoka kwa upana wa kidole. Amri ya kutokukata na iwekwe mahali pake, kama mizani ya shairi: ni sharti alichukualo fundi kwa hiari baada ya kuijua lugha. Haifai kuwa ukuta wa kumzuia anayeanza, ambaye bado hajui hata karatasi ina upande gani unaokunjika kwa urahisi.

Wengine watasema kazi hizi zahitaji karatasi za rangi zinazouzwa kwa bei, na shule za shamba hazinazo. Hazihitajiki. Muuza karanga wa stendi hukunja bilauri yake kwa ukurasa wa daftari la zamani, kwa mizunguko miwili na kunjo moja la chini, nayo haimwagi hata punje. Huyo ni mkunjaji hodari, na karatasi yake haikununuliwa. Ukurasa wa daftari una hata faida moja ambayo karatasi ya duka haina, maana mistari yake humwonyesha mtoto papo hapo kama kunjo limekwenda sawa au limepotoka. Kwa kukata, gazeti la jana lafaa, ila lisikunjwe zaidi ya mara tatu, kwa kuwa mkasi wa shule haupiti tabaka kumi na sita pasipo kuzitafuna.

Na mwalimu atakapozikagua kazi hizo, asitazame tu zile zilizotundikwa. Aagize kila mtoto alete pia zilizoharibika, zimefunuliwa na kulazwa bapa juu ya meza. Katika karatasi iliyofunuliwa alama zote za mikunjo zaonekana, zilizotumika na zilizoachwa, na pale ambapo mtoto alikunja mahali kitabu kisipomwambia akunje, mwalimu ataweza kupagusa kwa kidole na kumwuliza alikuwa akitafuta nini.